Marehemu Adauto Anaendelea Vizuri

Lindaura Bezerra aliingia Baraza la Afya la mji wetu kwa sababu ya sufuria.

Alikuwa amewaazima Jumuiya ya Wakazi wa mtaa wa juu sufuria yake kubwa ya alumini kwa ajili ya sherehe za Mtakatifu Yohana, na miezi miwili ikapita sufuria haijarudi. Jioni moja akaenda kwenye mkutano wao, akakaa nyuma kabisa, akasubiri wapumue. Mwenyekiti aliposema, "Haya, nani yuko tayari?" Lindaura akainua mkono ili aulizie chombo chake. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kumbe walikuwa wanatafuta mwakilishi wa wananchi kwenye Baraza la Afya, kazi isiyo na mshahara ambayo watu watatu walikuwa wameshaikwepa usiku uleule. Akarudi nyumbani na cheo. Sufuria hajaipata mpaka leo.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa Lajedo Fundo, na nusu ya mji ilikula wali na maharage yake, meya akiwemo. Ni mfupi, mwembamba, ana sauti ya mtu anayeita kuku. Shule aliishia darasa la nne, lakini jikoni hakuna karatasi iliyompita bila kusomwa. Ikiandikwa kwamba zimeletwa kilo hamsini za nyama, yeye anafungua friji kwanza ndipo anatia saini. Mimi naitwa Gildete, nina saluni ya chumba kimoja, na nyumba yangu na yake zinagawana ukuta, kwa hiyo mengi ya haya nimeyasikia hata bila kuambiwa.

Mikutano ya Baraza ilikuwa mara moja kwa mwezi. Wajumbe kumi na wawili, chupa ya kahawa, keki ya mahindi. Mwenyekiti husoma jina la ripoti, jina tu, kisha husema, "Wanaokubali wabaki walivyo." Na kwa kuwa mtu mwenye keki mkononi hubaki alivyo, kila kitu kilipita. Mkutano wa kwanza Lindaura alinyamaza. Wa pili akasema:

"Samahani, mwenyekiti. Mimi nimebaki nilivyo kwa sababu goti linaniuma. Sijasema nimekubali."

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Katibu wa Afya wa mji, Quirino. Huyu tulimwita Daktari Quirino ingawa alisomea sheria, maana hapa kwetu ukivaa shati la mikono mirefu kwenye joto hili unaitwa daktari tu. Mtu mtanashati, ananukia vizuri, ana jibu kwa kila swali, na jibu lenyewe hulikumbuki ukifika mlangoni.

"Kama unataka kuisoma, Dona Lindaura, ichukue," akasema, kwa lile "Dona" la kuwaheshimu akina mama, akimsogezea ripoti ya miezi minne ya mwanzo wa mwaka. "Kurasa mia na kumi. Zikikushinda utafunikia keki."

"Keki yangu haikai mpaka ifunikwe, mwanangu," akajibu, akaitia ripoti kwenye mfuko wa sokoni juu ya vitunguu.

Aliisoma siku tatu. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo alitumia kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, nikiwa na mteja ambaye kichwa chake kimejaa povu, nikasikia kicheko upande wa pili wa ukuta. Siyo cheko la kawaida. Nikadhani amepatwa na kitu. Mara huyo mlangoni, karatasi mkononi, machozi yanamtoka.

"Gildete! Shoga, nisomee hapa, maana mimi siamini jicho langu."

Nikafuta mikono, nikasoma. Ukurasa wa arobaini na tatu: Kituo cha Mchana cha Wazee. Kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri. Wazee themanini na sita wanapata mazoezi ya viungo, kupimwa presha, na dansi kwa afya ya moyo. Nyuma kulikuwa na orodha ya majina.

"Ona namba arobaini," akasema.

Namba arobaini ilikuwa Lindaura Bezerra mwenyewe. Amehudhuria mara thelathini na moja.

"Kituo kiko wapi?" nikauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe! Mimi nimekwenda mara thelathini na moja, sipajui! Sasa shuka namba arobaini na moja."

Namba arobaini na moja ilikuwa Adauto Bezerra. Mazoezi ya mguu na dansi. Maoni ya mtaalamu: anaendelea vizuri sana.

Adauto alikuwa mume wake. Tulimzika miaka minne kabla ya ripoti ile.

"Dansi!" Lindaura akajishika mbavu. "Adauto! Mwanamume aliyenikanyaga vidole siku ya harusi mpaka nikavua viatu! Miaka arobaini na minne namwambia twende tukacheze, ananiambia mgongo. Kumbe alikuwa anangoja afe kwanza!"

Mteja wangu akacheka mpaka povu likamwingia machoni. Tukacheka sote watatu. Kisha nikaona Lindaura ameketi kwenye kiti cha wanaosubiri, anakunja ile karatasi na kuikunjua.

Adauto alipata kiharusi. Mguu wa kulia ukafa ganzi, na hospitali ya mji mkubwa ikaandika kwamba apate mtaalamu wa viungo mara mbili kwa wiki, mguu ungeweza kurudi. Hapa kwetu mtaalamu hakuwepo. Lindaura alikwenda ofisi ya afya kila Jumatatu kwa mwaka mzima kuuliza, na kila Jumatatu aliambiwa yuko njiani. Mwishowe akawa anamnyoosha mguu mwenyewe, kwa mafuta ya mnyonyo, kwa kufuata picha iliyokuwa kwenye kalenda ya duka la dawa.

"Mara thelathini na moja," akasema taratibu. "Angepata hata kumi."

Nikamwambia aende redioni. Akasema redio ni ya shemeji wa meya. Nikamwambia basi aende kwa mwendesha mashtaka wa serikali. Akasema atakwenda, lakini si leo.

"Leo nina ratiba," akasema. "Nataka kuwajua wenzangu tunaofanya nao mazoezi."

Akachukua kofia ya majani na ile orodha, akapita nyumba kwa nyumba. Ilimchukua wiki nzima. Kati ya wale themanini na sita, kumi na mmoja walikuwa makaburini. Sita walikuwa wamehamia São Paulo kwa watoto wao. Mmoja alikuwa padri wetu, mwenye miaka thelathini na sita lakini ameandikwa sabini, ambaye alikasirika zaidi kwa sababu ya umri kuliko kwa sababu ya uongo. Waliobaki walikuwa hai, wapo, na hawajui lolote.

Mzee Tiburtino, aliyekuwa akipiga akodiani kwenye dansi za vijijini enzi zake, alisikiliza mpaka mwisho, akajipiga paja.

"Sasa nimeelewa! Najiuliza kila siku kwa nini nachoka hivi, kumbe nafanya mazoezi mara mbili kwa wiki!"

"Basi Jumanne njoo na akodiani," Lindaura akamwambia. "Tumeandikishwa. Ratiba tunayo, anwani tunayo. Mtu asitoroke darasa."

Jumanne hiyo nilifunga saluni. Nilikuwa na miaka arobaini na nane, sikuwa kwenye orodha, lakini jambo lile lisingenipita. Saa tisa kasoro wazee arobaini na tatu walikuwa wamejipanga mbele ya jengo la zamani la kuhifadhia pamba, anwani ileile ya kwenye ripoti. Walikuja wamevaa kama wanaokwenda harusini. Wanaume wamejimwagia manukato, wanawake wamevaa hereni, wengine na taulo shingoni. Mwanamke mmoja aliletwa kwa kiti cha magurudumu na binti zake wawili, wamempaka rangi ya mdomo.

Lindaura akagonga. Akafungua mlinzi, Nivaldo, macho ya usingizi, mkate mkononi.

"Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu, Nivaldo. Tumekuja kwenye mazoezi."

"Mazoezi gani?"

"Unaniuliza mimi? Tangu Januari tunaingia hapa kila wiki, leo unajifanya hutujui?"

Nivaldo akatazama ile foleni, akautazama mkate wake, akarudi nyuma hatua moja. Hiyo ikatosha. Wakaingia.

Ndani kulikuwa na mapambo ya karatasi ya sherehe za Mtakatifu Yohana, kiti cha daktari wa meno kilichovunjika mkono, masanduku ya kupigia kura ya mwaka ambao hata sikumbuki, na bata mzinga kumi na wanne. Bata mzinga walikuwa wa Nivaldo. Alikuwa anawafuga pale kwa sababu, alivyosema baadaye, jengo lilikuwa na baridi nzuri na hakuna mtu aliyewahi kuja.

"Hawa ndio wataalamu wa viungo?" Tiburtino akauliza. "Shingo zao kweli zimenyooka."

Wakafagia. Wakasogeza masanduku. Bata mzinga wakasukumwa pembeni, wakapiga kelele kama diwani aliyenyang'anywa maiki. Tiburtino akaketi kwenye kile kiti cha meno, akavuta akodiani, na wazee wakacheza. Wengine walicheza kwa mabega tu, wengine kwa kidole gumba juu ya mkongojo, lakini walicheza. Lindaura hakucheza. Alikaa mlangoni na daftari, akaandika jina la kila aliyefika, kila mmoja akatia saini au dole gumba. Chini akaandika: mtaalamu wa viungo, hayupo. Mpima presha, hayupo. Bata mzinga, wapo, kumi na wanne.

Alhamisi wakarudi. Jumanne iliyofuata wakarudi tena, sasa ni hamsini na mmoja. Josenilda, mhudumu wa afya anayezunguka mitaani kwa pikipiki, akaanza kupita "kwa bahati" na mashine yake ya presha. Akamkuta Tiburtino ana mia na tisini kwa mia na kumi, na huyo alikuwa hajapimwa kwa miaka miwili. Akampakia nyuma ya pikipiki palepale, akampeleka kituo cha afya, akodiani ikabaki na mimi. Hapo ndipo mchezo ulipoacha kuwa mchezo mtupu. Watu waliokuja kucheka walianza kutoa karatasi mifukoni: rufaa ya mwaka juzi, dawa ya sukari isiyopatikana, nyonga inayongoja kupigwa picha. Lindaura akayaandika yote kwenye daftari, kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la nne.

Wiki ya tatu akaja Quirino. Alisimama mlangoni asije akachafua viatu.

"Dona Lindaura wangu! Jamani, mama, hapa si mahali salama kwa wazee. Umeme mbovu, dari bovu. Mtu akiumia itakuwaje?"

"Mbona tangu Januari hajaumia mtu?"

Quirino akatabasamu. "Unajua ninachomaanisha."

"Sijui, Daktari. Niambie polepole, mimi ni mpishi. Kama tulikuwa humu tangu Januari, basi ni salama. Kama si salama, basi hatukuwemo. Nichagulie moja."

Bata mzinga tu ndio waliojibu. Quirino akamshika Lindaura kiwiko, akamvuta kando, lakini Lindaura ni mtu wa sauti kubwa na masikio mazito kidogo, akitaka. Sote tukasikia.

"Lile jicho lako," Quirino akasema. "Naweza kuzungumza na watu. Upasuaji mwezi ujao."

"JICHO LANGU? Kwenye foleni niko namba ngapi?"

"Tafadhali, mama, punguza sauti. Namba... kama mia na ishirini."

"Basi mbele yangu wako watu mia na kumi na tisa. Anza nao. Ukimaliza nifuate, nyumba unaijua."

Quirino aliondoka bila kuaga. Usiku ule nilimsikia Lindaura akitembea jikoni kwake. Asubuhi nikamuuliza kama alilala. Akaniambia ukweli: hakulala. Alikuwa na hofu kwamba jicho lingekufa kabisa wakati yeye anafanya ushujaa. "Nilitaka kumfuata nimwambie sawa," akasema. "Nilifika mpaka kwenye geti. Kisha nikakumbuka kwamba nimelitangaza mbele ya watu hamsini, nitaweka wapi uso?" Nikacheka, yeye akacheka, tukanywa kahawa.

Kisheria, kila baada ya miezi minne Katibu wa Afya husimama mbele ya Baraza la Afya na wananchi na kueleza alichofanya. Kwa kawaida hufanyika kwenye ukumbi wa madiwani, saa nne asubuhi siku ya kazi, na wanaohudhuria ni yeye, karani, na feni. Safari hii viti vilijaa, watu wakasimama mpaka barabarani. Muuza vitumbua vya tapioka ya muhogo alihamisha meza yake nzima.

Quirino akaonyesha picha ukutani. Chati zilipanda tu, hakuna iliyoshuka. Alipofika kituo cha wazee akakipita haraka, kama mtu anayevuka barabara yenye magari. Kisha mwenyekiti akatangaza kwamba Mjumbe Lindaura Bezerra ana dakika tatu.

Nilikuwa nimemsuka nywele asubuhi ile. Hakutoa hotuba. Akaweka kile kioo cha kukuzia kwenye jicho zima, akafungua orodha ya ripoti.

"Naita mahudhurio," akasema. "Aliyepo aseme yupo, na aseme kama amewahi kupata huduma."

Akaita. "Tiburtino Alves!"

"Nipo! Sijapata!"

"Eulina Peixoto!"

"Nipo, mwanangu. Sijapata kitu!"

Dakika tatu zikapita, mwenyekiti akagonga meza. Sauti nyuma zikasema mwache, mwache. Akaendelea. Sijapata, sijapata, sijapata, wengine kwa hasira, wengine wanacheka, padri naye akasema "Nipo, na sina miaka sabini!" Lindaura alipofika arobaini akajiita, akajijibu. Kisha akashusha kidole mstari mmoja.

"Adauto Bezerra."

Akatazama viti, safu kwa safu.

"Adauto hayupo," akasema. "Lakini Daktari Quirino ameandika kwamba anaendelea vizuri sana na anacheza dansi. Namwomba anielekeze alipomwona, maana mimi ni mke wake na nina maneno mawili matatu ya kumwambia."

Ukumbi ukalipuka. Hata madiwani wa upande wa meya waliangalia meza zao mabega yakitikisika. Lindaura alingoja kicheko kiishe. Kilipoisha alisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, ndogo, ya chini:

"Nilikuja ofisini kwenu Jumatatu hamsini. Mguu wake ulikuwa bado una joto. Ni hilo tu."

Akaketi. Nilimshika mkono.

Mwenyekiti wa Baraza, kwa mazoea, akasema, "Wanaoikubali ripoti wabaki walivyo." Lindaura akasimama tena, goti na yote. Akasimama Josenilda, aliyewawakilisha wahudumu wa afya. Wakasimama saba kwa jumla. Wanne walibaki wamekaa, mmoja alikuwa ameomba ruhusa kwenda chooni na hakurudi mpaka mchana. Ilikuwa mara ya kwanza Baraza la mji wetu kukataa ripoti, na karani hakujua aandike wapi, maana fomu yake ilikuwa na nafasi ya "imepita" tu.

Mambo hayakunyooka siku hiyohiyo. Daftari la Lindaura lilikwenda kwa mwendesha mashtaka wa serikali, naye akaandika barua, barua ikajibiwa kwa barua. Quirino hakufungwa. Alihamishiwa idara ya michezo, ambako nasikia timu yetu imeshinda mechi nyingi ambazo hakuna aliyeziona. Nivaldo aliwahamisha bata mzinga wake kwa huzuni. Mwezi wa Machi wa mwaka uliofuata jengo likapakwa rangi, na akaja mtaalamu wa viungo wa kweli, Tainá, binti mdogo kutoka pwani. Anakuja siku mbili kwa wiki, isipokuwa gari la halmashauri likiharibika, na huharibika. Jicho la Lindaura lilifanyiwa upasuaji baada ya miezi kumi na minne, kwa foleni. Alipofunguliwa bendeji jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nimezeeka.

Katibu mpya ni mwanamke, nesi wa zamani, anaitwa Marluce. Kabla ya kila ripoti anakuja mwenyewe kwa Lindaura na rasimu. Ananyweshwa kahawa na kuhojiwa. Mwaka jana niliwasikia kupitia ukutani.

"Watoto mia tatu wamechanjwa kijiji cha Sítio Verde," Lindaura anasema. "Mwanangu, Sítio Verde nzima haina watoto mia tatu. Labda umehesabu na mbuzi."

"Wapo, Dona Lindaura."

"Hawapo."

"Nenda ukawahesabu, basi."

Marluce hakumjua vizuri. Lindaura alikwenda kweli, kwa lori la maziwa, akakaa kule siku mbili kwa binamu yake, akapita shamba kwa shamba akitazama kadi za chanjo. Aliporudi alikuwa amechomwa na jua. Alikuta watoto mia tatu na wanne, wote wamechanjwa.

Alifanya keki ya mahindi, akavaa gauni lake la kanisani, akaenda ofisi ya afya kumwomba Marluce radhi mbele ya wafanyakazi wote. Kisha akamwambia asahihishe ripoti, maana humo wamepungua wanne.